Redio Ilipobadili Muziki, Nikiwa Mapokezi

Sikuwahi kushika maiki. Kwa miaka mingi nilikaa mapokezi kwenye redio moja ndogo jijini Tanga, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikipokea wageni, nikiuza kadi za salamu, nikiandika matangazo madogomadogo na kukata risiti. Redio ilipobadili muziki wake mwaka 2019, wenzangu wa studio waliyasikia mabadiliko kwa masikio. Mimi niliyaona kwa watu waliopanda ngazi na walioacha kuzipanda. Jina la redio naliacha pembeni. Ipo hewani mpaka leo, na walioamua yale ni watu tuliokula nao sahani moja.

Kwanza niseme tulikuwa tunapiga nini. Alfajiri mawaidha, asubuhi magazeti, na kuanzia saa nne mpaka jioni zilipendwa na taarabu. Hapa Tanga muziki wa dansi haukuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Atomic Jazz ni ya hapa, Jamhuri Jazz ni ya hapa, na wazee wetu waligawanyika kwa bendi hizo kama vijana wanavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walipitia Jamhuri kabla ya kwenda zao Arusha, kisha wakavuka mpaka, na mwaka 1971 wakawa Simba Wanyika kule Mombasa. Nairobi ukiupiga wimbo wao watu wanacheza tu. Ukiupiga Tanga simu inalia, na bibi fulani anataka kubishana na mtangazaji juu ya nani alipiga solo. Kwenye taarabu ndiyo usiseme. Black Star na Lucky Star ni vikundi vya mji huu, ndivyo vilivyoingiza magita na mdundo wa dansi kwenye taarabu, na sauti ya Shakila Saidi ilivuma ikitokea humo. Mtu wa Ngamiani hapa mjini akiomba wimbo wa Shakila anaomba mtu wa kwao.

Nyimbo zenyewe hazikuwa safi, nakiri. Nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam enzi zile serikali peke yake ndiyo yenye redio, kabla sheria ya mwaka 1993 haijafungua mlango kwa redio binafsi. Bendi iliingia studio ya RTD, ikarekodi kwenye tepu, tepu ikabaki hukohuko. Tulichokuwa nacho sisi ni nakala ya nakala: kaseti ya mtu aliyekaa mbele ya redio yake na kidole kwenye kitufe akisubiri wimbo uanze. Wimbo wetu mmoja wa bendi ya Mlimani Park ulianza na mtangazaji wa zamani akimalizia sentensi yake. Hatukumkata. Wasikilizaji walimzoea kiasi cha kumaliza sentensi pamoja naye.

Tena nyimbo zile ni ndefu. Wimbo wa dansi una sehemu ya kwanza ya taratibu, watu wanasikiliza ujumbe, halafu linaingia chemko, magita yanajibizana na tarumbeta juu, na hapo ndipo mtu anainuka. Dakika saba, dakika nane. Taarabu inafika dakika kumi na tano bila haraka yoyote. Mtangazaji wetu wa mchana alikuwa akiweka taarabu moja, anashuka kuswali alasiri msikiti wa jirani, anarudi anakuta beti la mwisho. Ndani ya saa nzima zinapita nyimbo tano, sita. Nafasi iliyobaki ni ya maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa yanapita mezani kwangu.

Kadi ya salamu iliuzwa shilingi 500. Ni kikaratasi kigumu chenye mistari: jina la mtumaji na anakoishi, majina ya anaowasalimu, ujumbe, na wimbo anaoomba. Asiyewajua watuma salamu atadhani ni mchezo. Wale wana chama chao, wana mwenyekiti, wanazikana, wanachangiana harusi, na wengi wamebatizana majina ya ajabu ambayo yamezidi kujulikana kuliko majina yao ya kuzaliwa. Kulikuwa na fundi cherehani wa Chumbageni, mzee wa makamo, aliyekuja kila Ijumaa baada ya swala na kadi zake zimeshajazwa kwa mwandiko wa kalamu ya wino. Alinunua kadi tupu za wiki inayofuata, akaacha zilizojaa, akaniuliza kama mtangazaji wa leo anajua kulitamka jina la mkwewe. Salamu zake zilikwenda Pangani, Muheza, Mkinga, na ng'ambo ya maji mpaka Wete kule Pemba, maana mawimbi yetu yalivuka bahari vizuri kuliko yalivyopanda milima. Ukianza kukwea kwenda Lushoto tunakatika.

Halafu kuna misiba. Watu wa miji mikubwa hawalijui hili. Kwetu Muislamu akifariki alfajiri, aghlabu alasiri anazikwa. Familia ina saa chache tu za kumfikishia habari shangazi aliye shamba la mkonge Korogwe na binamu aliye baharini. Kikundi cha WhatsApp kinawafikia wenye simu za maana na chaji. Shangazi wa shambani ana redio ya betri. Kwa hiyo kijana wa familia anapanda ngazi zangu mbiombio, mkononi ana karatasi iliyochanwa kwenye daftari: ukoo wa fulani unasikitika kutangaza kifo, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo, mazishi leo saa kumi. Nalisoma, nasahihisha, nachukua fedha, nakata risiti, napeleka studio. Mtangazaji anaujua utaratibu: anazima wimbo taratibu, anasoma mara mbili, anaacha kimya kidogo, kisha anaweka kitu kitulivu, mara nyingi ala tupu bila sauti ya mtu. Hakuna aliyemfundisha. Hata vyuo vya utangazaji sidhani kama wanalifundisha.

Sasa wakubwa wakaja na mabadiliko.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kampuni kubwa za simu, bia na vinywaji hutoa matangazo kupitia wakala wa Dar es Salaam, na wakala anauliza swali moja: mna vijana wangapi? Redio ya wazee na wagonjwa haimsaidii. Kule bandarini na kwenye vijiwe vya bodaboda redio zilizofunguliwa zilikuwa za kutoka Dar. Mwenye redio alikuwa anadaiwa mishahara, na mnara ulihitaji kupakwa rangi. Akaletwa mshauri, kijana mtanashati mwenye kompyuta mpakato, akatukusanya sote hadi mlinzi. Akachora duara ubaoni, akasema hii ndiyo saa yetu mpya. Kila dakika ndani ya duara ilikuwa na mwenyewe: wimbo mkali, tangazo, jina la redio, wimbo mkali, mtangazaji sekunde 20, wimbo mkali. Nyimbo mia mbili na kitu ndani ya kompyuta, za Bongo Fleva na za Naijeria, na singeli jioni. Zile zinazovuma zaidi zitarudi kila baada ya saa chache, kompyuta itazipanga yenyewe. Mtangazaji asiguse.

Mtangazaji wetu wa zilipendwa akauliza, "Na dansi?" Mshauri akasema zinaweza kubaki chache, ila zikatwe zisizidi dakika tatu na nusu. Ukumbi ukacheka. Ukikata wimbo wa dansi dakika ya tatu na nusu umemnyang'anya mtu chemko, na pale kulikuwa na wacheza dansi wa kweli. Mshauri hakuelewa kilichotuchekesha, na hilo lilinitia shaka kuliko duara lake.

Jumatatu ikaanza, bila kutangaza chochote. Wanasema ndivyo inavyofanywa, usimpe msikilizaji nafasi ya kuhuzunika. Siku hiyo simu ya mapokezi haikupoa. Wengi walidhani mitambo imeharibika au tumeingiliwa na redio nyingine kwenye masafa yetu. Mama mmoja wa Makorora alinipigia akanipa pole, akidhani mwenye redio kafariki na watoto wameuza. Nilimjibu, "Hapana mama, ni vipindi vipya." Akasema, "Haya mwanangu," akakata. Hakupiga tena.

Baada ya wiki mbili tatu simu zikatulia. Wakubwa wakafurahi, wakasema watu wamezoea. Mimi sikufurahi, kwa sababu meza yangu nayo ilitulia. Kadi zilikuwa zimefutwa rasmi, kipindi cha salamu hakikuwemo kwenye duara. Fundi cherehani alikuja Ijumaa ile kama kawaida.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kadi zangu hizi."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama basi nitamrudishia fedha za kadi tupu alizokuwa nazo nyumbani. Nikamwambia azilete. Alizileta, nikamrudishia kutoka kwenye droo ya mapokezi, na mhasibu akaninunia kwa kuwa hakukuwa na fungu la kurudisha kadi.

Matangazo ya vifo hayakufutwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye saa mpya yaliingizwa kundi moja na matangazo ya biashara. Kompyuta haijui msiba. Mtangazaji akisoma kwamba ukoo fulani wa Muheza umefiwa na baba, sekunde inayofuata linaingia tangazo la sabuni lenye watu wanacheka, halafu singeli kwa kasi ile ya singeli ambayo hata mcheza ngoma anaitafutia pumzi. Mtangazaji amekatazwa kugusa. Familia moja ilikuja kesho yake, vijana wanne wa kanga shingoni, mkubwa wao akaongea kwa upole uliokuwa mbaya zaidi ya matusi. Aliniuliza, "Dada, sisi tulilipia nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwita meneja vipindi ashuke ajibu yeye, na akashuka, hilo namsifu.

Tangu hapo watu wa misiba wakaanza kupungua. Walipata njia nyingine: vipaza sauti vya misikiti, jumbe za simu, redio nyingine ya jirani. Nikafungua vitabu vya risiti vya nyuma nikalinganisha. Tulichodhani ni fedha ndogondogo, kadi za 500, matangazo ya vifo, mbuzi aliyepotea, mnada wa Jumapili, cheti kilichookotwa, duka la baibui lililopokea mzigo, zote zililipwa mkononi, siku ileile. Hizo ndizo zilizonunua umeme wa LUKU na dizeli ya jenereta. Matangazo ya kampuni kubwa kweli yalikuja, mawili matatu, tena ya bei nzuri. Lakini wakala hulipa kwa barua na ankara, miezi mitatu baadaye akiwa mwema. Umeme wa Tanesco haungoji miezi mitatu. Kuna usiku tulizimika hewani huku kwenye makaratasi tukiwa na fedha kuliko wakati wowote.

Nilimpelekea mhasibu hesabu hiyo. Akaipeleka juu. Haikurudi.

Vijana nao, ambao yote yalifanywa kwa ajili yao, nilikuwa nawaona. Kijiwe cha bodaboda kiko chini ya ngazi zetu, na ndio walionifuatia chai. Nikamuuliza mmoja kama sasa anatusikiliza. Akasema nyimbo kali, anti, ila hizi zote ninazo kwenye flashi, na kwenye flashi hamna sabuni. Kisha akaniuliza kwa nini tumefuta salamu. Nilishangaa, sikuwahi kumuuzia kadi. Alisema bibi yake alikuwa anatumaga, na jina lake yeye lilikuwa linatajwa redioni tangu akiwa darasa la tatu.

Na lipo jingine. Vijana wanaoimba hapahapa Tanga walikuwa wakiniletea nyimbo zao kwenye flashi, nikazipeleka studio, na mtangazaji wa jioni akipenda moja anaipiga. Nyingi zilikuwa mbovu, nisidanganye. Chache zilikuwa nzuri. Orodha mpya ilipangwa Dar es Salaam na kutumwa kila wiki kwa intaneti, hivyo kijana wa Mabawa mwenye singeli yake alikutana na mlango uleule uliomfungia Shakila. Tulikuwa tunagombana ofisini kama ni wazee dhidi ya vijana, kumbe aliyetolewa nje ni kila aliyekuwa karibu, awe na miaka sabini au kumi na tisa.

Kwa haki niseme kompyuta ilileta jambo moja jema. Kila wimbo uliopigwa uliandikwa, jina na saa. Zamani tuliandika kwa mkono tulipokumbuka, na mwanamuziki hakuwa na njia ya kujua amepigwa mara ngapi. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, lakini bila orodha ya kweli mirabaha inagawanywa kwa lipi? Wazee wa dansi waliotoa jasho lao kwa sifa tupu wangefaidika na orodha kama hiyo, kama tungekuwa bado tunawapiga.

Kilichovunja duara ni Ramadhani. Mwaka ule iliingia mwanzoni mwa Mei. Redio yetu kila Ramadhani hubadilika yenyewe: kaswida, darsa, mawaidha kabla ya futari, muziki unapungua hadi kuisha. Jumapili asubuhi tangu zamani ni kwaya. Hakuna aliyewahi kuyaita hayo mabadiliko, yalikuwa ndiyo kalenda. Mshauri hakuwa ameyaweka. Alipopigiwa akashauri tupunguze singeli kidogo mchana. Meneja vipindi, ambaye ni Mkristo wa Muheza na alikuwa amevumilia mengi, akasema mji huu unafunga na mimi ninakaa mji huu. Akaizima orodha, akawarudisha watangazaji kwenye kiti. Ramadhani ndio msimu wetu wa mavuno: tende, kanzu, baibui, mafuta ya kupikia, viatu vya watoto vya Idi. Wenye maduka walipanda ngazi wenyewe bila kutafutwa. Nilikata risiti hadi kidole cha gumba kikawa na wino.

Idi ilipopita, kurudisha duara kukawa kugumu. Kila mtu alikuwa ameona kwamba linazimika na redio haifi. Wakubwa hawakutangaza kushindwa, wala sisi hatukudai. Mambo yalirudi kwa vipande. Kwanza vifo: saa tatu asubuhi, saa saba na saa kumi na moja, dakika chache zisizo na tangazo jingine wala wimbo wenye maneno. Kisha taarabu ya alasiri, ndefu yote. Zilipendwa zikapewa Jumapili mchana na usiku wa katikati ya wiki. Bongo Fleva na singeli zikabaki na sehemu kubwa ya siku, na kwa maoni yangu ndivyo inavyotakiwa, watoto nao wana redio. Wapo wazee waliotuhama moja kwa moja na sijawahi kuwalaumu.

Salamu ndizo zilizotusumbua zaidi. Kiwanda cha uchapaji kilichotutengenezea kadi kilikuwa kimefungwa. Meneja akaniuliza mimi wa mapokezi tufanyeje. Nikamwambia wapokee sauti kwa WhatsApp, mtu alipe kwa simu, bei ileile 500, majina yasizidi kumi. Fundi cherehani alikataa kuzungumza na simu. Anaendelea kuleta karatasi yake, kalamu ya wino, nami namsomea mtangazaji. Vijana wa kijiwe wao walivamia. Kikomo cha majina kumi wakakigombania kama bei ya mafuta, wakitaka kijiwe kizima kitajwe, na abiria wao, na trafiki mmoja wanayemtaka urafiki. Ujumbe wao ni ule ule wa bibi zao, "zikufikie popote ulipo", ila mwisho wanaomba singeli.

Yule kijana wa Mabawa aliombwa na watu watatu katika wiki moja. Mtangazaji akaniuliza flashi yake iko wapi, nikaitoa kwenye droo. Alipopigwa alipanda ngazi kuja kushukuru, nikampa na kazi: nikamwambia sasa jina lake linaandikwa kwenye kompyuta kila tunapompiga, lakini halitamsaidia kitu mpaka akasajili nyimbo zake COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Akaniuliza kama nako wanapokea kwa WhatsApp.